Daftari la Maswali: Jinsi ya Kwenda Shoo ya Kilimo Ukiwa Afisa wa Ugani

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilirudi kutoka shoo ya Kisumu na kofia tatu, kalamu kadhaa na mfuko wa vipeperushi mzito kama mtoto wa kubebwa. Wiki iliyofuata nikasimama mbele ya kikundi cha akina mama karibu na Kiboswa, nikawasimulia ng'ombe niliowaona, mashine ya kukata majani, hadi tangi la samaki. Walinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha akaniuliza, "Sasa afisa, kuhusu kayongo walisemaje?"

Sikuwa nimeuliza. Kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi, lilikuwa limemmalizia shamba, na mimi nilipita mbele ya kibanda cha watafiti mara mbili nikielekea kununua soda.

Tangu siku hiyo siendi shoo bila daftari. Huu hapa utaratibu ninaoufuata, kwa afisa mwenzangu wa wadi, kwa agriprena (kijana anayewapa wakulima huduma na ushauri kijijini), kwa mkulima kiongozi au mwenyekiti wa kikundi aliyetumwa na wenzake.

1. Chagua shoo ya hali ya hewa yako

Chama cha Kilimo cha Kenya, ASK, kimekuwepo tangu 1901 na kina viwanja sehemu nyingi. Kwetu huku vinavyofikika ni Kisumu pale Mamboleo, Kakamega, Kitale, Eldoret na Nakuru, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Tarehe husogea, kwa hiyo piga simu ofisi ya tawi kabla hujamwambia mtu yeyote afunge safari.

Watu wengi husahau mwinuko. Mji wa Nakuru uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni mita 1,100 na ushee. Nilipokuwa kazini tambarare za Ahero, nilivutiwa kule Nakuru na mahindi marefu, mabua kama mkono wa mtu mzima, nikashawishi wakulima wanne wapande mbegu ile ile. Ilikuwa mbegu ya nyanda za juu, ya miezi sita na zaidi. Mvua ya masika ikaisha mahindi yakiwa bado hayajatoa ndevu. Mmoja wa wale wakulima hunikumbusha hadi leo, tukikutana sokoni ananiuliza kama mahindi ya Nakuru yameshakomaa.

Kwa hiyo nenda Nakuru ujifunze mashine, ng'ombe wa maziwa, viazi, ngano na biashara. Mbegu za mahindi zitafute kwenye shoo au siku ya wakulima iliyo karibu na kwenu. Nikipewa nafasi moja tu kwa mwaka, mimi huchagua siku ya wakulima kwenye kituo cha utafiti au kituo cha mafunzo: KALRO (shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo) Kakamega, KALRO Alupe kwa watu wa Busia, chuo cha Bukura, kituo cha Maseno, au Mabanga kule Bungoma. Hakuna bembea wala muziki, na mtafiti ana muda wa kukujibu. Lakini mkuu wako akisema ni shoo, utakwenda shoo, na shoo nayo ina faida yake ukijipanga.

2. Kusanya maswali wiki mbili kabla

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Usiitishe mkutano maalumu, utapata watu walewale wanaopenda mikutano. Zunguka na daftari mahali watu walipo: baraza la chifu, soko la Luanda siku ya soko, nje ya kanisa baada ya ibada, kwenye kituo cha kupeleka maziwa. Uliza jambo moja: "Ni kitu gani shambani kimekushinda msimu huu?"

Jibu la kwanza huwa ni pana mno. "Mahindi hayafanyi vizuri." Hilo ukilipeleka Mamboleo utauziwa mbolea ya majani na kila muuzaji. Lichimbe. Hayafanyi vizuri vipi? Yameanza lini? Upande gani wa shamba? Umeweka nini, kiasi gani, na tangu mwaka gani?

Mzee mmoja alinijibu hivi, na nililiandika neno kwa neno: "Afisa, DAP naweka kila mwaka na mahindi yakifika magotini majani yanakuwa ya zambarau pembeni, kama yamepigwa na baridi." DAP ni mbolea ya kupandia. Hilo sasa ni swali. Majani ya zambarau kwenye mahindi machanga mara nyingi ni dalili ya upungufu wa fosforasi, na DAP ina fosforasi tele. Basi inakwenda wapi? Udongo mwingi wa magharibi mwa Kenya una asidi kali, na udongo wa namna hiyo huifunga fosforasi mmea usiipate. DAP yenyewe ikitumiwa miaka mfululizo inazidisha asidi. Kwa hiyo swali la mzee lilipofika kwa mtafiti lilikuwa limegeuka: kiwango cha asidi cha udongo wake ni ngapi, na anahitaji chokaa ya kilimo kiasi gani kwa ekari? Hilo lina jibu la namba.

Kwa kila swali andika mambo matatu: mahali, kilichoonekana kwa macho, na kilichojaribiwa tayari. Hilo la tatu litakuokoa, maana mtaalamu akianza kukupa ushauri ambao mkulima ameshaufuata, utamkatiza mapema.

Kisha beba ushahidi. Kama swali ni la udongo, chukua sampuli: tembea shambani kwa mtindo wa zigizaga, chota udongo wa sentimita 20 za juu sehemu 15 hadi 20, epuka palipowekwa samadi, palipochomwa takataka na kando ya njia. Changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, toa nusu kilo, anika kivulini, tia kwenye mfuko wenye jina na tarehe. Wadudu waingie kwenye chupa ya spiriti wakiwa wamekufa. Mimea yenye ugonjwa usiibebe, ipige picha: jani moja kwa karibu, mmea mzima, na shamba lote kutoka mbali. Picha ya jani peke yake haimwambii mtaalamu kama tatizo liko kona moja au limeenea.

Maswali yakifika 40, yapunguze hadi matano au sita. Angalia yale yanayorudiwa na watu wasiojuana.

3. Barua, pesa na gari

Andika barua kwa afisa wa kilimo wa kaunti ndogo mapema, ukiambatisha ukurasa wa maswali. Ombi lenye maswali ya wakulima hupita haraka kuliko ombi la "kuhudhuria". Masurufu, yaani pesa za safari kutoka ofisini, yakichelewa, na yatachelewa, uwe umekubaliana na kikundi kila mtu anachangia nini kwa nauli na chakula. Jambo la kusema waziwazi kabla ya safari: kuna posho au hakuna. Nimeona kikundi kikivunjika ndani ya matatu, kabla ya kufika Chavakali, kwa sababu ya neno hilo moja.

4. Nani anakwenda

Kila kikundi kina watu wawili watatu wanaokwenda kila safari. Waache nyumbani mwaka huu. Chukua wanawake, kwa sababu ndio wanaopalilia na ndio watakaoona kwanza kama kitu kinaongeza kazi. Hakikisha safari inarudi kabla ya giza, la sivyo watakuambia ndiyo na siku yenyewe hawatafika. Chukua kijana mmoja mwenye simu nzuri, awe mpiga picha na mwandishi.

Na chukua mbishi. Yule mzee anayesema kila mwaka kwamba mambo ya serikali ni maneno matupu, mpe kiti cha mbele. Akirudi ameshawishika, kijiji kitamsikiliza kuliko wewe. Akirudi hajashawishika, atakupa sababu zake, na mara nyingi zina maana.

Gawa maswali ndani ya gari. Kila mtu apewe moja la kulifuatilia mpaka lipate jibu, tena lisiwe lake mwenyewe. Ukimpa mtu swali lake atalalamika. Ukimpa la jirani atauliza.

5. Siku yenyewe

Kama una uhuru wa kuchagua, epuka siku ya ufunguzi rasmi. Kutakuwa na wageni waheshimiwa, ulinzi, hotuba, na wataalamu wamepanga foleni wakisubiri kupeana mikono. Jumamosi ni siku ya watoto na familia. Siku nzuri ni ya kawaida katikati ya wiki, asubuhi, kabla ya jua la Mamboleo kukasirika.

Saa ya kwanza tembeeni mikono mitupu. Msichukue karatasi, msinunue kitu. Tazameni tu nani yuko wapi, mtie alama kwenye ramani ya kuchora kwa mkono. Halafu kaeni kivulini dakika kumi, mwambiane nani aende wapi, na mkubaliane saa na mahali pa kukutana. Shoo ina kelele, simu hazisikiki.

Ukifika kwenye kibanda, jua kwanza unaongea na nani. Mtafiti atakuambia kilichofanya kazi kwenye majaribio. Muuzaji atakuambia kilichomo ghalani. Mtu wa shirika atakuambia mradi wake unagharamia nini. Wote wanaweza kusema kweli, lakini kila mmoja ana upande anaouegemea, na wewe umetumwa na mtu ambaye hana upande wowote isipokuwa sufuria yake.

Kitalu cha maonyesho nacho kina siri zake. Yale mahindi ya kijani yaliyosimama kama askari yamepandwa kwa kuhesabu siku ili yapendeze wiki ya shoo. Huenda yamemwagiliwa. Huenda yamepewa mbolea mara mbili ya unayoweza kununua. Si udanganyifu, ni kama kijana anayekwenda kuposa, lazima avae vizuri. Uliza: Yalipandwa tarehe gani? Yalimwagiliwa? Mbolea ya kupandia ilikuwa aina gani na gramu ngapi kwa shimo? Ya kukuzia iliwekwa mara ngapi? Dawa ya viwavijeshi ilipigwa mara ngapi? Wale viwavijeshi vamizi tuko nao tangu 2017, na mtu akikuambia hakupiga chochote, mfuate kwa maswali zaidi.

Kisha piga hesabu papo hapo. Kijana mmoja kibandani aliniambia mbegu yake inatoa magunia 40 kwa ekari. Nikatoa simu. Ekari ni mita za mraba 4,047 hivi. Ukipanda mstari kwa mstari sentimita 75 na shimo kwa shimo sentimita 25, mbegu moja kila shimo, unapata mimea karibu 21,600. Magunia 40 ya kilo 90 ni kilo 3,600. Kila mmea basi lazima utoe karibu gramu 167 za punje kavu, na usife hata mmoja, usiliwe na mchwa, usiangushwe na upepo, usiibwe na mtoto anayekwenda shule. Nilimuuliza, "Ndugu yangu, hii ni ekari ya wapi?" Akacheka, akasema ni ya kituoni, kwa mkulima tuseme 25. Hapo tukaanza kuongea vizuri.

Swali la mama wa Kiboswa nililipeleka mwaka uliofuata. Jibu nililopata ni kilimo cha vuta-sukuma, kilichoanzishwa huku huku magharibi miaka ya 1990 na icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kupitia kituo chake cha Mbita, pamoja na watafiti wa Kenya na wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza. Unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaolishwa mifugo, kati ya mistari ya mahindi, na nyasi ya napia au brakiaria kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa funza wa mabua, nyasi za pembeni huwavuta wakatage huko, na mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoiharibu kayongo chini ya ardhi. Maelezo mazuri kabisa. Lakini mama niliyekwenda naye, mwanamke wa maneno machache, alisikiliza yote kisha akauliza: "Na mimi sina ng'ombe. Hayo majani nitampa nani?"

Mtafiti alisita kidogo. Akakubali kwamba faida kubwa iko kwa mwenye mifugo au mwenye soko la majani, na kwamba msimu wa kwanza palizi ni nzito mpaka desmodiamu ishike, kwa sababu ikiwa changa inafanana na magugu. Hayo mawili hayakuwa kwenye kipeperushi. Yalikuwa ndiyo habari tuliyoihitaji, na aliyeipata hakuwa afisa.

Andika jibu pale pale, si ndani ya gari. Andika jina la kitu, kipimo, bei waliyokutajia, mahali kinapopatikana karibu na kwenu, na namba ya simu ya aliyekujibu. Mwombe uisome tena mbele yake. Watu hurekebisha vipimo vyao wakisikia vimesomwa kwa sauti.

Mkinunua mbegu, tafuteni kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na mimea, kwenye pakiti, mkikwaruze na kutuma namba iliyomo kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 kabla ya kuondoka kibandani. Kwa dawa, tafuteni namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosajili dawa za wadudu na magugu, kwenye lebo. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukifanya hivyo.

6. Usirudi na ugonjwa

Hili halina mjadala. Machipukizi ya migomba ya kuokota, vikonyo vya viazi vitamu alivyokupa rafiki, vipande vya muhogo: viacheni huko huko. Mnyauko wa migomba umeshatupiga magharibi, na husafiri kwa machipukizi na kwa panga lisilosafishwa. Mkitaka miche, agizeni kwa mzalishaji anayekaguliwa.

Kuku walionunuliwa shoo wakae mbali na wa nyumbani siku 14, na kuku wa bandani wachanjwe kideri mapema. Mtu aliyeshika mifugo kwenye mabanda aoshe viatu kabla ya kuingia boma lake. Nilikuwa nikidhani ni ushamba kusisitiza hili. Sidhani tena.

7. Rudisha majibu ndani ya siku saba

Wakulima kwanza, ofisi baadaye. Ripoti ya ofisi ni ukurasa mmoja: maswali tuliyokwenda nayo, majibu, yaliyokosa jibu, hatua inayofuata. Ya wakulima haihitaji karatasi. Itisha baraza pale pale ulipochukulia maswali, na aliyepewa swali ndiye asimame alijibu, akimtaja mwenye shamba kama ameruhusu. Yule mbishi aachwe wa mwisho.

Yasiyopata jibu yasemwe pia. "Hili tumeuliza vibanda vitatu, hakuna aliyejua." Mara ya kwanza niliposema hivyo niliogopa wataniona sijui kazi. Mzee mmoja akaniambia, "Kijana wangu, leo ndiyo umeongea kama mtu wa hapa."

8. Jaribu kwenye mita kumi kwa kumi

Hakuna mkulima anayebadilisha ekari nzima kwa sababu ya safari ya siku moja, na usimwombe. Omba kipande cha mita 10 kwa 10 na kingine cha ukubwa huo huo pembeni, udongo ule ule. Cha kwanza kipate kitu kipya, cha pili kilimwe kama anavyolima siku zote. Badilisha jambo moja tu. Ukibadilisha mbegu na mbolea na nafasi kwa pamoja, msimu ukiisha hutajua kilicholeta tofauti.

Kipande hicho ni karibu moja ya arobaini ya ekari, na hapo hesabu inakuwa nyepesi. Kama ushauri ni kilo 50 za mbolea kwa ekari, hapa unahitaji kilo moja na robo. Wakati wa kuvuna, kilo ulizopata zidisha kwa 40, ugawe kwa 90, hayo ndiyo magunia kwa ekari. Tuseme kipande kipya kimetoa kilo 52 na cha kawaida kilo 31: ni kama magunia 23 kwa 14. Toa gharama ya ziada ya mbegu na mbolea uone kama tofauti inabaki.

Pima mahindi yakiwa makavu, maana maji nayo yana uzito. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache, uache zitulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, anika tena. Na mizani iwe moja kwa vipande vyote viwili, ikiwezekana ya kituo cha maziwa au ya posho mill, wakulima wakiwa wamesimama hapo wakiisoma wenyewe.

Ukialikwa mwaka unaofuata kuwa na meza yako kwenye kibanda cha kaunti, usibebe mabango. Beba mabua mawili kutoka vipande hivyo viwili, mizizi na udongo wake umeoshwa, na karatasi yenye kilo zilizopimwa, pamoja na mwenye shamba mwenyewe. Mimi hukaa nyuma ya meza nikichemsha chai. Mwaka jana alikuja msichana wa ugani kutoka Siaya, ameanza kazi juzi, mikono imejaa kofia na kalamu, akamuuliza yule mama wa maneno machache kama vuta-sukuma kweli inafanya kazi. Mama akamtazama, akamuuliza, "Wewe una ng'ombe?" Msichana akaweka kofia zake chini, akatafuta kalamu inayoandika.